Vibanio vya Nguo Mgongoni Mwako

Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

"Marafiki wa chuo ni kelele tu. Mimi sikubebwa na mtu. Nilijifungia, nikasoma, nikatoka." Hayo ni maneno yako, uliyomwandikia binti yako na kunipa nakala kana kwamba mimi ni karani wako. Nitayajibu. Lakini mama alitulea vizuri, kwa hiyo salamu kwanza.

Hujambo? Shemeji je, mgongo wake umetulia, au bado anaketi kama mtu aliyekalia mayai? Baridi ya huko imepungua? Sisi tu wazima. Goti langu linalalamika kwenye ngazi, mhariri wangu analalamika kwamba makala zangu ni kali mno, na wote wawili siwasikilizi. Barua hii nitaipiga picha nikutumie leo hii, maana posta haina haraka na mimi ninayo.

Sasa tuje kwenye kelele.

Umeniagiza nitume gari Ijumaa nimtoe mtoto bwenini, nimweke chumba changu cha nyuma apate utulivu. Jana nilikwenda kwanza kuyaona hayo mateso. Nimekuta chumba cha wasichana wanne: kamba ya nguo imepita juu ya vitanda, wawili wanagombania pasi, mmoja anajisuka huku akibishana na redio. Mtoto wako yuko kitandani, uso ukutani, hedifoni masikioni. Yule anayejisuka akaniuliza, "Mama, samahani, huyu ni mwenzetu au mpangaji?"

 

Nikamtoa mtoto wako nje, tukakaa kwenye benchi.

"Mbona huongei na wenzako?"

"Mama amesema nisizoeane nao, mama mkubwa. Watanipotezea muda."

Nikamuuliza habari za masomo. Akazungukazunguka, mwishowe akasema. Alhamisi anatakiwa asimame mbele ya darasa awasilishe kazi yake, na ameshamwambia mhadhiri kwamba anaumwa.

"Unaumwa nini?"

"Bado sijaamua."

Mdogo wangu, mtoto huyu haumwi. Amekurithi wewe, na wewe unamnyima dawa uliyopewa mwenyewe.

Usinibishie, maana nilikuwepo. Ulipoingia chuoni mimi nilikuwa mwaka wa pili, tukakaa chumba kimoja, wewe kitanda cha juu, mimi cha chini. Upande wa pili walikuwa Kasuku, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, na Sindano, binti wa fundi cherehani. Ulikuwa ukiulizwa jina lako darasani unaijibu sakafu. Ulikuwa unakula umetupa kisogo. Nani alikutoa huko? Vitabu? Mimi vitabu nimevitetea maisha yangu yote, lakini sijaona hata kimoja kilichomshika mtu mkono kikamfikisha mlangoni pa usaili.

Nao usaili ule wa nafasi ya mafunzo kazini, umeusahau? Ulisema huendi. Kasuku akapindua ndoo pale tulipokuwa tukifulia, akaikalia, akawa mwenyekiti wa jopo. Akauliza, ukajibu ukiitazama sabuni.

"Sabuni haiajiri mtu, mwenzangu," akakwambia. "Nitazame mimi."

Ukalia. Akangoja umalize, akauliza swali lilelile. Jioni baada ya jioni, mpaka siku moja ukakasirika, ukamkazia macho, ukambishia neno kwa neno. Akashuka kwenye ndoo, akatangaza kwamba jopo limeridhika.

Halafu koti. Hukuwa na la kuvaa, Sindano akakuletea la shangazi yake, pana kama turubai. Akalibana mgongoni kwa vibanio vya nguo, na kwa mbele likakukaa kama umeshonewa. Sharti lilikuwa moja tu, usimpe mtu mgongo. Ukajibu kila swali, ukaaga, ukatoka kinyumenyume hadi mlangoni. Baadaye tukasikia jopo lilisifu sana adabu yako. Sisi watatu tulikuwa koridoni, tumejiziba midomo.

Picha ya siku ile ndiyo hiyo iliyotundikwa sebuleni kwako. Binti yako anaijua kuwa ni picha ya mama aliyejijenga mwenyewe. Bila shaka, imepigwa kwa mbele.

Sikatai kwamba ulisoma. Ulisoma kutupita sote. Wala sidai kila rafiki wa chuo anafaa kuhifadhiwa; wengine niliwasahau kabla sijarudisha joho la mahafali. Lakini wewe uliyeingia pale na wewe uliyetoka ni watu wawili, na si ukimya uliofanya kazi hiyo. Nami pia nilikuzwa mle. Kasuku ndiye mtu wa kwanza kunishinda kwa hoja na bado akaniwekea chakula. Mpaka leo nikiandika makala namwona juu ya ndoo yake, ananingoja niseme la maana.

Wiki iliyopita alikuulizia. Huwa anakuulizia. Nimechoka kumwambia una kazi nyingi.

Mama anakusalimu sana, na anasema sauti yako kwenye simu imekonda. Kaka yetu fundi bomba anakusalimu, na wanawe pia. Mungu awalinde huko, awape afya, nawe akulainishe kidogo.

Nanyi wawili, wewe na shemeji, maana najua anaisoma hii begani kwako: Ijumaa gari haliji, na chumba cha nyuma nimekifunga. Kabla ya Alhamisi mpigie mtoto simu. Simama mbele ya hiyo picha umwambie mgongoni kulikuwa na nini, na nani alibana. Kisha mwambie avue hedifoni, awageukie wale wasichana, aombe mmoja wao akae juu ya ndoo. Mpigie wewe mwenyewe. Nikimsimulia mimi, sitaacha kitu.

Akupendaye hata anapokufokea,
Dada yako wa kitanda cha chini