Kromiamu ya Dokta Elisante

Shosti Debora, yaliyomkuta Zipora leo chuoni hutaamini!

Si unaujua ule utepe wake wa kutengenezea kiini cha transfoma, chuma kinachoyeyushwa kikapozwa ghafla mpaka kinakuwa kama kioo?

Zipora alimwambia msimamizi wake, "Dokta Elisante, kromiamu ikizidi, usumaku unapotea kwenye joto."

Jibu lake: "Wewe ongeza tu, utepe usije ukashika kutu wageni wakatucheka." Ongeza. Ongeza tena!

Asubuhi na kile kibaridi, sumaku ikanasa vizuri. Mwekezaji aliyealikwa kuuona akachelewa, utepe ukakaa mezani nje, kwenye jua hili letu la Dodoma. Saa saba mwekezaji kafika, Dokta anaubandika sumaku mbele yake kwa mbwembwe. Pu, chini! Anabandika tena. Chini!

Eti, "Hii sumaku feki."

Huo udokta kaupatia wapi jamani?

Mwekezaji akauliza taratibu, "Sasa transfoma ikipata moto, tuiweke kwenye friji?" Akaingia kwenye gari.

Zipora machozi yanamlengalenga, kazi ya mwaka mzima imekwenda. Dokta naye kaushika utepe, anaugeuzageuza juani:

"Lakini mmeona? Hauna kutu."