Chungu cha Mama Koku

Dada Adela, shikamoo. Huku Muleba mvua haijakatika tangu asubuhi.

Leo nilifuatana na wale wa kikundi cha kisukari kumpelekea insulini binti aitwaye Koku. Kumbe tumechelewa, wamemzika Jumamosi hapo hapo kibanjani, kati ya migomba. Mama yake alitukaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi ya huku, kisha akanionyesha chungu chenye mchanga alimohifadhia dawa ya mwanawe, maana friji hawana na mchanga wenye maji hutunza ubaridi. Mchanga ulikuwa umelowa.

“Nimeumwagilia maji leo asubuhi,” alisema. “Mkono umeshazoea.”

Dada, jioni ukifungua friji kutoa insulini yako, mkumbuke mama yule. Na usiruke sindano, nakusihi.

Mdogo wako akupendaye,
Editha