Maharagi Ndani ya Sanduku la Vitabu

Goma, Jumamosi, siku ya posho, 1956

Nimepoteza vitabu vyangu vyote thelathini na kimoja, leo asubuhi, wakati nilikuwa ninafunga magodoro ya safari ya kuhamia Uganda.

Mama mukwe ndiye alivitoa ndani ya sanduku, akajaza maharagi. Majirani akawagawia vitabu. Kwake, mutu anayehama anaachia majirani kitu, na wenyeji wa kule anakoenda anawapelekea chakula.

Akaniambia: "Papa Kambale, utaingia inchi ya watu mikono mitupu? Wale wa Uganda watakula karatasi?"

Nilinunua vile vitabu kimoja kimoja, mimi niliyejifunza kusoma nikibeba magunia sokoni. Katika kale kamuji kadogo ka Uganda tunakohamia, wanasema kila nyumba ina kabati ya vitabu, na nilitaka kufungua duka la vitabu pale. Sasa nitauza nini?

Nikaenda kuvidai nyumba kwa nyumba. Kwa jirani wa kwanza, mutoto alikuwa anamusomea mama yake kimoja cha vitabu vyangu karibu na moto. Nikashindwa kuomba. Fundi wa viatu naye akanifukuza: "Muzee, ngoja nimalize kusoma! Huyu bwana arusi atamupata bibi arusi wake ao hapana?"

Nilirudi na vitabu viwili tu, lakini kifua mbele. Vitabu vyangu hivyo, majirani wote wanavisoma!

Mama Kambale, muke wangu, akanicheka: "Na muji wa wapenda vitabu unautafuta Uganda?"

Duka la vitabu hapa Goma, itawezekana? Sijui.

Lakini kamyo ya kutubeba inaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya saa kumi na moja alfajiri muke wangu aniambie wazi, bila kicheko: tunaenda, ao tunabakia?