Nguzo ya Kilo Mbili na Nusu

Mdogo wangu mpendwa,

Nisamehe kwa kimya cha miezi minane. Barua zako mbili zilinifika. Ya kwanza niliiweka kando ili niijibu vizuri, na ya pili ikanikuta bado naitafutia ile ya kwanza maneno. Mimi niliyekufinya sikio utotoni kwa kuanza sentensi usiyoimaliza sina udhuru wowote. Natumaini magoti yako yamepata nafuu, na kwamba shemeji ameacha kupanda paani kila linapovuja kana kwamba bado ana miaka thelathini. Mimi ni mzima wa mwili. Macho yanazidi kudai miwani, na miwani inazidi kujificha.

Habari ya kwanza itakuchekesha: nimerudi shule. Kwa umri huu wa miaka sitini na minane, dada yako anajifunza takwimu. Kituo cha afya nilikokuwa mkunga kiliniita nisaidie kusoma madaftari ya zamani ya uzazi, kwa kuwa mwandiko ni wangu, kisha kikasema kila anayeyashika ahudhurie mafunzo pamoja na makarani. Tuko kumi na mmoja. Kumi kati yetu wangeweza kuwa wajukuu zangu, na mwalimu mwenyewe ana ndevu ambazo bado hazijaamua kuota.

Siku ya kwanza alisema, “Data hizi inaonyesha,” nikamsahihisha mbele ya darasa zima kwamba zinaonyesha. Aliomba radhi, na tangu hapo kila anapotaka kufungua kinywa hunitupia jicho kwanza, kama mtu anayevuka barabara. Vijana wananiita Bibi Wastani. Jina hilo nililipata siku nilipouliza: ikiwa mama mmoja amezaa watoto kumi na wawili na jirani yake hana hata mmoja, je, tuwaambie kila mmoja ana sita? Kijana mmoja wa nyuma akadakia, “Bibi, huyo wa kumi na wawili atashukuru sana!” Nilicheka pamoja nao, jambo ambalo kina mama niliowazalisha, walioniita Sajini nikiwapa kisogo, wasingeliamini.

Nimejifunza polepole. Najua sasa kutafuta wastani, na namba inayokaa katikati zote zikipangwa mstari, na namna namba zinavyotawanyika. Kazi niliyoipenda zaidi ni kuhesabu kwa vistari: vinne vimesimama, cha tano kinavikata. Mwezi uliopita tuliagizwa kila mmoja achore mchoro kutokana na kumbukumbu za kazi yake. Nilichukua daftari la miaka sita, watoto mia sita na kumi na wawili, nikawapanga kwa uzito waliozaliwa nao, kila gramu mia moja na nguzo yake.

Mwalimu alikuwa ametueleza kwamba uzito wa watoto wachanga kwa kawaida huchora kilima: wadogo wachache, wakubwa wachache, wengi katikati. Mchoro wangu ulianza vizuri. Kutoka kileleni uliteremka kwa utaratibu upande wa wadogo, hadi kwenye kilo mbili na gramu mia sita, watoto thelathini na mmoja. Kisha, kwenye kilo mbili na nusu kamili, ikainuka nguzo ya watoto tisini na saba. Baada yake, mahali ambapo mteremko ulipaswa kuendelea, palikuwa peupe. Watoto watatu tu.

Kijana yule wa nyuma akauliza kama mlangoni kulikuwa na askari anayewarudisha wepesi. Wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema taratibu kwamba watoto hawazaliwi hivyo, huandikwa hivyo. Kisha akaniuliza, kwa adabu zote, kulikuwa na nini. Nikamjibu kwamba mizani ilikuwa mbovu. Naye akaandika chini ya mchoro wangu: mizani mbovu.

Mdogo wangu, mizani ilikuwa nzima. Niliipima kila Jumatatu kwa jiwe la kilo moja.

Amri yetu ilikuwa kwamba mtoto aliyepungua kilo mbili na nusu apelekwe hospitali kubwa siku hiyohiyo. Safari ilikuwa ya nusu siku, gari likipatikana. Mama aliyejifungua alfajiri alikalishwa kwenye benchi la lori, na huko alikokwenda alilala sakafuni, huku nyumbani ameacha wengine wanaolia. Niliwaona wakinishika mkono wasiende. Basi mshale uliposimama chini kidogo, nilijiambia kwamba mtoto amerusha mguu, nikaandika mbili na nusu. Nikaiita huruma. Nilizoea, na ile “chini kidogo” ikaendelea kushuka. Na ofisi ya afya ya wilaya ilipouliza kila mwaka tuna vichanga wadogo wangapi, tulijibu mmoja, au hakuna. Vituo vingine vilijengewa chumba cha kuwatia joto vichanga. Sisi hatukujengewa, maana kwenye karatasi watoto wetu wote walikuwa wakubwa.

Sasa nakuandikia lile lililonizuia kuandika miezi yote hii, tangu kituo kiliponiita, nikafungua daftari lile kwa mara ya kwanza na kuuona mstari wako. Katika wale tisini na saba yumo mtoto wako wa pili. Mshale ulisimama kwenye kilo mbili na gramu mia mbili. Niliandika mbili na nusu, nikanawa mikono, nikakuambia ni mwembamba kama mama yetu, atanenepa. Siku ya tisa akapoa, asipate joto tena.

Kwa miaka ishirini na sita umesema kwamba ulilala, na shuka likamtoka. Ulisema hivyo mazikoni, ukasema tena siku ya harusi ya kifungua mimba wako, na umeandika hivyo katika barua yako ya mwisho. Nami kila mara nilikujibu kwamba ni mapenzi ya Mungu. Siyapingi mapenzi yake, lakini kalamu ilikuwa yangu. Wewe ulilala kama kila mzazi alalavyo. Hukuniomba nimwandike hivyo, wala hukujua.

Mwalimu hutufundisha kwamba hesabu ya wengi haiwezi kusema kwa hakika yatakayompata mmoja. Ningeweza kujificha hapo, niseme kwamba hata hospitali pengine asingepona. Sijifichi. Gari lile lilikuwa haki yake, nami nilimnyima.

Mwisho wa mwezi huu mchoro wangu na madaftari vinakwenda ofisini, kwa kuwa wanafikiria upya suala la chumba kile. Nikitaka kuyafuta maneno “mizani mbovu,” ni lazima niandike kilichotokea na kutia sahihi, na huenda wakawaita kina mama wote, mmoja mmoja. Naogopa, sitakuficha. Lakini sikuweza kuwatajia wageni uzito wa mtoto wako kabla wewe hujausikia kwangu.

Msalimie shemeji, umsomee barua hii au usimsomee, uamuzi ni wako. Wasalimie wanangu wote. Nikishaamua, nitakuandikia siku hiyohiyo, hata kama ni mstari mmoja.

Ni mimi,
dada yako mkubwa