Damu ya Mzee Ukutani

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi wifi yangu anakuja kumchukua baba mkwe, na akiondoka najua lawama itakuwa yangu na wala sijui nimekosea wapi.

Mimi ni mshona mapazia, nimeolewa, na baba mkwe tunaishi naye tangu mama mkwe alipofariki, na nikuambie ukweli, huyu mzee nampenda, ananiita "mama", nikichelewa kazini ananingojea mlangoni na tochi, na nikigombana na mume wangu yeye ndiye huumaliza ugomvi kwa kumwambia mwanawe anyamaze. Sasa kuta zetu zote zilikuwa rangi ya maziwa, na maziwa yenyewe yameshachacha, nikasema basi mwaka huu tupake upya, nikabandika vipande vya rangi ukutani wiki nzima nikawa navitazama asubuhi na jioni, mume wangu akinitania kwamba nachumbia kuta, mwisho nikachagua damu ya mzee kwa ukuta mmoja wa sebuleni, ile nyekundu iliyoiva mpaka inaelekea weusi, inapendeza sana na mapazia ya krimu.

Nikampigia fundi wa rangi, simu nikaiweka kwenye spika kwa sababu mikononi nilikuwa na kitambaa, baba mkwe yuko kwenye kochi, fundi akauliza tunaanzia wapi, nikamwambia, "Tuanze na damu ya mzee, ikishakauka ndiyo tuingie chumbani kwake." Akauliza huko nako kupakwe nini, nikasema, "Kule toa kila kitu nje, kwangua kuta zote, paka rangi nyepesi yoyote, bora ile harufu ya zamani isibaki," maana nyuma ya kitanda chake ukuta umeshika unyevu na ukungu, na yeye kifua kinamsumbua. Fundi akasema, "Dada, mzee mwenyewe anajua kama damu yake inahitajika?" Nikacheka. Baba mkwe hakucheka.

Tangu hapo hakai sebuleni, anakula chumbani, anaoga asubuhi na jioni na mara nyingine mchana, blanketi lake analianika nje kila siku ingawa halijalowa, nikiingia kufagia anatoka. Nikamfuata nikamwambia, "Baba, damu ya mzee ni jina la rangi tu, halikuhusu wewe." Akanijibu, "Mama, hiyo rangi naijua kabla hujazaliwa," akafunga mlango polepole. Kesho yake wifi akapiga simu kwamba mzee ameomba achukuliwe. Mume wangu anasema niachane naye, wazee wakinuna huwa wanarudi wenyewe. Fundi nimeshamwambia asije. Je, nitafute rangi nyingine, au niziache kuta zilivyo?

Mkwe aliyechanganyikiwa

*

Dada mshonaji, pole sana. Futa machozi, kisha isome tena barua yako, kwa sababu jibu umeliandika mwenyewe ukalipita mbio.

Mzee hana shida na damu. Umemfafanulia jina la rangi kama mtoto wa chekechea, naye akakujibu kistaarabu kwamba Kiswahili anakijua. Alichosikia ni harufu. Amekaa kwenye kochi lake, anamsikia mkwe anayempenda akimwambia mtu baki kwamba chumba chake kina harufu ya zamani, vitu vitolewe, kuta zikwanguliwe. Neno ukungu hukulitaja kwenye simu, umelitaja kwangu. Sasa mtu anayeoga mpaka mchana na kuanika blanketi kavu, wewe unadhani amenuna? Anaona aibu, dada yangu. Anajinusa. Nilipofika hapo niliiweka barua chini kwanza.

Na huyo mumeo mwambie nimemsikia. Baba yake anahangaika na ndoo za maji mchana kutwa, yeye anaita kununa.

Ya sebuleni usiibadilishe. Umechagua vizuri, na ukiiacha sasa mzee ataamini kweli kulikuwa na jambo. Ila leo hii, usingoje Ijumaa, mumeo asogeze kile kitanda, kisha mwite baba mkwe mwonyeshe ukuta. Auone ukungu, aguse kwa mkono wake. Mwambie bila kupamba: "Baba, kinachonuka ni ukuta, siyo wewe. Nilisema ovyo, nisamehe." Usianze kumsifu kwamba ananukia vizuri, utaharibu. Fundi mrudishe, atafute kwanza maji yanaingilia wapi, maana kupaka rangi juu ya unyevu ni kazi bure. Na vile vipande vya rangi mpelekee mzee achague ya chumba chake. Akichagua kijani kinachokuumiza macho, kipakwe hicho hicho. Wewe hulali humo.

Wifi naye mwambie aje kusalimia, mizigo ya mzee aiache ilipo.

Lakini maneno peke yake hayaondoi aibu ya namna hii, kwa hiyo usingoje hata rangi. Jioni ya leo beba kiti chako na pazia unalolipinda, uingie chumbani kwa baba mkwe, mlango ukiwa wazi, ukae ushone. Usitafute la kusema. Akikuuliza mbona hutoki, mwambie umepapenda.