Klipu za Saa Nane Usiku

Shangazi Wema, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaharibu, au labda nimeshaharibu, sijui, kichwa hakielewi kabisa. Mimi ni binti wa Mbwawa, Kibaha, nina mchumba anaitwa Ashrafu, barua ya posa ilishaletwa na wazee wameshaijibu, na sote wawili tupo kwenye filamu moja inayopigwa Kisarawe, yeye anashika kamera B, mimi natunza klipu, yaani jioni nakusanya kadi za kamera zote mbili, namimina kwenye diski, kila klipu naipa jina, halafu diski naipeleka Picha ya Ndege, huku huku Kibaha, kwa dada Adventina anayeunganisha filamu, nalala kwetu, asubuhi narudi Kisarawe. Sikusomea shangazi, nimejifunzia YouTube, lakini niko fasta, nina programu inasoma tarehe na saa iliyomo ndani ya klipu halafu inaandika jina yenyewe, kamera gani, siku gani, saa ngapi, mzigo wote unaisha chai haijapoa!

Sasa juzi dada Adventina kaniuliza, "Mdogo wangu, huyu wa kamera B usiku analala wapi?" Nikamwambia kambini, Kisarawe, na wenzake. Akasema, "Basi kaa chini." Akafungua klipu, jina lake B 0205. Kamera inahesabu kizungu, hiyo ni saa nane yetu ya usiku! Nani yumo? Hajira, mwigizaji wetu mkuu, kwenye kile chumba tulichoziba madirisha kwa nguo nyeusi kupigia sini za usiku, kavaa kanga, taa ya chemli moja, na sauti ya Ashrafu wangu inasema, "Usiangalie kamera, nitazame mimi, hivyo hivyo, taratibu." Hajira anacheka! Maneno anayosema Hajira ni yale yale ya filamu, sikatai, ila saa nane usiku mnarudia maneno ya filamu wawili mna nini? Na hata sauti hakujali, nyuma wanasikika watoto wa shule ya jirani wanaimba mstarini, mtu mwenye nia ya kazi angesubiri wamalize. Nikafungua nyingine, na nyingine, tangu wiki iliyopita kila usiku zipo.

Nikazitoa zote kwenye diski nikazificha kwenye flashi yangu. Kumbe nimezua lingine, maana mwongozaji wetu, kaka Melkiori, kaangalia diski kakuta kamera B haina sini za chumbani, halafu ikifika saa sita mchana haina kitu tena mpaka jioni, akafoka mbele ya watu, "Huyu hapa kaja kulala! Jumamosi namleta mwingine!" Ashrafu anaapa alipiga kutwa nzima, na mimi alasiri namwonaga kabeba kamera, sasa huwa anapiga nini? Halafu saa nne ile ile ya asubuhi, siku moja, kamera A inaonyesha Hajira yupo jikoni anakoroga uji, kamera B yupo shambani kwenye mihogo. Mtu mmoja! Nikadhani nina malaria.

Na usiniambie saa ya kamera ni mbovu, shangazi, niliiseti mwenyewe. Wiki iliyopita, siku moja niliyolala kambini, asubuhi betri ya kamera B ilikufa kabisa, kamera ikawaka inauliza saa, nikapaza sauti, "Jamani saa ngapi?" Ashrafu akajibu, "Saa moja na nusu." Nikabonyeza moja na nusu, AM, okei, twende kazi. Kwa hiyo mashine haina sababu ya kudanganya, mwenye sababu ni mtu.

Ashrafu simsalimii, na yeye haelewi kwa nini. Jana Hajira kaniuliza, "Wifi, mbona umenuna?" nikamjibu, "Wifi muite mwenzio." Nataka mama arudishe posa, halafu nikimwona anavyohangaika kuulizia klipu zake roho inaniuma. Niamini mtu au niamini mashine?

Nuria, Mbwawa.

Marahaba, Nuria. Kunywa maji kwanza.

Hebu niambie, ni watoto wa shule gani hao wanaoimba mstarini saa nane usiku? Umewasikia kwa masikio yako, ukamlaumu Ashrafu kwamba hakusubiri wamalize, ukapita! Wivu umekuziba kuliko zile nguo nyeusi za madirishani.

Mchumba wako alikutajia saa moja na nusu ya asubuhi, kwa saa zetu. Kamera inahesabu kizungu, umeniambia mwenyewe, kwa hiyo ulitakiwa kubonyeza saba na nusu. Tangu siku hiyo kamera B iko nyuma kwa saa sita. Hiyo klipu yako ya saa nane usiku ilipigwa saa mbili na dakika tano asubuhi, kambi nzima iko kazini, na wewe ukiwa njiani au ukihangaika na chai yako. Klipu zake za alasiri zimejipanga kwenye saa nne, ndiyo maana Hajira amekuwa watu wawili. Huna malaria.

Najua iliuma, mwanangu. Kumsikia mchumba wako akimwambia mwingine "nitazame mimi" kunauma hata kama ndiyo kazi yake. Ila hesabu ya kizungu ulikuwa unaijua! Uliikumbuka wakati wa kumhukumu Ashrafu, ukaisahau wakati wa kubonyeza. Halafu ukaficha kazi ya mtu, akatukanwa mbele za watu kwa uvivu asioufanya, na wewe umekaa kimya na flashi mfukoni.

Jumamosi isikukute hivyo. Leo hii rudisha klipu zote kwenye diski. Chukua ile B 0205, iweke pamoja na klipu ya kamera A ya saa mbili asubuhi siku hiyo hiyo, sikiliza watoto. Wimbo ukiwa mmoja, ushahidi unao. Halafu tengeneza nakala, za mwanzo usiziguse, na kwenye nakala za kamera B sogeza saa mbele kwa saa sita. Na hiyo programu yako isikupe majina peke yake. Nimemuuliza Lusajo, anayetunza picha hapa gazetini, akacheka: kuita klipu kwa saa tu ni kama kumwita mtoto kwa saa aliyozaliwa. Weka namba ya sini, imerudiwa mara ya ngapi, kamera gani. Na kabla ya kuipa jina, itazame. Chai ipoe tu.

Kisha nenda kwa Melkiori, pale pale alipofokea, na wale wale waliosikia wawepo. Sema, "Saa niliseti mimi, klipu nilificha mimi." Usianze na betri. Hajira muombe radhi na umwite wifi mwenyewe. Adventina naye mpigie simu, maana na yeye aliangalia bila kusikiliza.

Ashrafu mwambie mkiwa wawili, na umwambie ulichomdhania, usimfiche. Akinuna, mwache anune, ni zamu yake. Mama asisikie habari ya kurudisha posa.

Kesho asubuhi, kabla kazi haijaanza, ishikeni ile kamera pamoja. Yeye asome saa kwenye simu, wewe ubonyeze. Kabla ya okei, mwonyeshe.