Kaya ya Wajane Wawili

Mabawa, Tanga
11 Agosti 2024

Mwanangu Rahimu,

Shikamoo yako mdogo wako Tahiri ameifikisha, marahaba mwanangu. Natumai huko Dodoma u mzima, wewe, mkeo Nasra na wajukuu zangu, na kikohozi cha yule mdogo kimepoa. Sisi hatujambo. Eda inakwenda. Nyumba imekuwa kimya bila baba yako, lakini tunakula na tunalala. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize.

Unauliza mbona sijaleta picha ya kuniingiza kwenye kadi yako ya bima. Nimeelewa ulivyonieleza: kadi ya mtumishi inampokea mzazi, wako au wa mkeo, imebaki nafasi moja, na nikiugua nitatibiwa hata hospitali kubwa. Nakushukuru. Nimeelewa pia kwamba mke wa pili wa baba yako haimpokei, kwa kuwa hakukuzaa. Lakini mwisho wa maneno yako ulisema eda ikiisha yule mwanamke arudi kwao Ushongo. Rahimu, yule mwanamke anaitwa Samiha, na wewe ulimwita mama mdogo tangu hujang'oka meno ya utoto.

Baba yako akitoka Muheza na machungwa aliyagawa sawasawa, huku kwangu na kule vyumba vya uani kwa Samiha. Likizidi moja, alilila njiani asije akatugombanisha. Harufu tuliisikia mikononi mwake, tukanyamaza.

Kisukari cha Samiha unakijua, na aliyekuwa akimlipia dawa ni marehemu baba yako. Nilimwuliza mjumbe wetu kuna njia gani. Akaniambia wazee waliovuka sitini wasio na uwezo wana msamaha wa matibabu. Mimi nimevuka, Samiha bado, na sukari haimsubiri afike. Kwao Ushongo amebaki kaka mmoja, naye analishwa na majirani. Ikabaki bima ya kaya: watu wasiozidi sita wa nyumba moja, mchango mmoja kwa mwaka, unaanzia zahanati, ukizidiwa unaandikiwa rufaa.

Shangazi yako Khadija aliposikia alikuja na kelele zake. Alisema hajapata kuona wajane wa eda wanakwenda kupigwa picha kama bibi harusi. Kisha akatoa lililomleta: nikimwandika Samiha kwenye kaya yangu nitakuwa nimempa mizizi, hatang'oka tena humu. Nikamjibu kwamba imamu ameturuhusu kutoka mchana kwa haja ya matibabu, na nikamwuliza kama sukari ya Samiha nayo imekaa eda. Akatafuta viatu vyake.

Sasa nikwambie lililokwisha kufanyika. Jumatano tulikwenda. Mwandikishaji alikuwa binti mpole, akauliza Samiha ni nani kwangu. Nikasema ndugu yangu. Samiha akadakia kwamba tusiidanganye serikali, yeye ni mke mwenzangu. Foleni nzima ilicheka. Mama mmoja akasema wenzenu hukatana mapanga, nyinyi mnakata bima. Tukacheka na sisi, mara ya kwanza tangu mazishi. Mchango tuliulipa kwa pesa za maandazi yangu na mikeka anayosuka yeye.

Kwa hiyo picha sileti. Nafasi hiyo mpe baba yake Nasra. Moyo wake unaihitaji hospitali kubwa kuliko magoti yangu. Najua kadi yangu haifiki inakofika yako, na nimeichagua nikiwa na akili zangu timamu. Kuna jambo sikukwambia siku ya msiba. Baba yako alipokuwa anakata roho, mimi nilishindwa kutazama, nikatoka nje. Samiha ndiye aliyempakata, akamtamkisha shahada, akamfumba macho. Kadi yako ingeniingiza mimi ndani na kumwacha huyo mlangoni. Siitaki.

Na eda ikiisha, Samiha hatoki nyumba hii. Anayetaka kumtoa, awe shangazi yako au wewe niliyekuzaa, aanze kunitoa mimi.

Wasalimie Nasra na watoto, uwabusu kwa niaba yangu. Mama yako mdogo anakusalimu sana. Yeye hajakukasirikia. Niliyekasirika ni mimi, na yatapita. Ukiinua mikono kuomba dua, utukumbuke, sote wawili.

Mama yako,
Mwamvua binti Shehe